Jinsi ya Kuikwepa Digrii Bila Kumvunja Mama Moyo

Sogea nikunong'oneze. Umepata C+ ya KCSE, Likoni nzima imeshapigiwa simu, na KUCCPS wamekupangia kozi uliyoijaza kwa sababu jina lake lilikuwa tamu. Unaweza kuchomoka. Fanya hivi.

1. Piga hesabu kabla sifa hazijakulevya. Pesa ya HELB ni deni: riba asilimia 4, na ukizembea kulipa, adhabu ni shilingi 5,000 kila mwezi. Jumlisha ada, chumba na chakula cha miaka minne. Kisha watafute watatu waliomaliza kozi hiyo, uwaulize wanafanya kazi gani. Waulize wenyewe, wazazi wao watakupamba tu.

2. Shika njia ya mkato. Kenya Coast National Polytechnic iko barabara ya Kisauni, na diploma inataka C- tu. Usichague kozi kwa jina, chagua kwa mtaa. Changamwe imejaa yadi za makontena, na kontena la baridi lenye samaki au parachichi likizima usiku, mzigo unaoza. Nenda umtazame fundi wake: geji shingoni, sikio kwenye kompresa, tochi mdomoni, anafuata waya mmoja mmoja mpaka aupate ulioungua. Meneja amesimama kando, kimya, anamsubiri yeye. Heshima unayoitafuta ndiyo hiyo.

(Moyo wako ukiwa kwenye udaktari au sheria, acha kunisoma, nenda chuo kikuu. Huko hakuna mkato.)

3. Mama anataka joho na picha ya ukutani. Mpe. Vyuo vya ufundi navyo vina mahafali, na majoho huvaliwa. Shangazi akikuhoji harusini, mwambie unasomea mitambo ya majokofu. Ni kweli tupu, na inasikika vizuri. Pesa ya kwanza ikiingia, nunua unga na tokeni za stima kabla ya viatu vyako. Mama hatauliza tena.

4. Usifunge mlango. Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa (TUM), kule Tudor, chenyewe kilianza kama taasisi ya ufundi ya Waislamu, kikawa politekniki mwaka 1972, na chuo kikuu kamili 2013. Diploma yako itakuingiza baadaye, ukiwa na pesa yako na unajua unachokifuata.

5. Siku ya kwenda kujiandikisha politekniki, beba matokeo, kitambulisho na picha za pasipoti. Wahi feri ya alfajiri. Ukichelewa, foleni ya Likoni itakufikisha wakati wa chakula cha mchana, ofisi imefungwa.