Barua ya Wazi kwa Shirikisho la Kimataifa la Jimnastiki

Kwa: Shirikisho la Kimataifa la Jimnastiki, Lausanne, Uswisi

YAH: OMBI LA KUWAPA WAZAZI ALAMA RASMI

Shirikisho linastahili pongezi kwa kuwalinda watoto, kwani umri wa chini wa wasichana katika mashindano ya wakubwa, uliokuwa miaka 14 mwanajimnastiki Nadia Comaneci alipopata alama 10 kamili kwenye Olimpiki ya Montreal mwaka 1976, ulipandishwa hadi 15 mwaka 1981 na hadi 16 mwaka 1997. Kanuni hiyo haina mzaha, maana mwaka 2010 China ilipokonywa medali ya shaba ya Olimpiki ya Sydney ilipobainika kuwa mmoja wa wanatimu wake alikuwa na miaka 14 tu.

Mlango wa ukumbi wa mazoezi, hata hivyo, hauna mlinzi wa namna hiyo. Mchujo, yaani jaribio la kuwachagua wanaofaa kuingia timu ya mashindano, huweza kumkuta mtoto ambaye bado ana meno ya utotoni, naye hupigishwa msamba, miguu ikitandazwa mpaka nyonga iguse sakafu, kisha huning'inia kwenye chuma hadi viganja viive. Wahenga waliposema samaki mkunje angali mbichi walikusudia tabia, lakini makocha wameona wasiuache uti wa mgongo.

Kwa kuwa anayechujwa hasa ni mzazi, inapendekezwa naye apewe alama mbili, kama wanajimnastiki wanavyopewa tangu mwaka 2006: ya ugumu, inayojumlisha thamani ya mitindo iliyofanywa, na ya utekelezaji, inayoanzia 10 na kupunguzwa kwa kila kosa. Ugumu wa mzazi utokane na ada, vazi lenye vito vya kumetameta na safari za alfajiri ya Jumamosi. Katika utekelezaji, anayedai risiti akatwe 0.1, anayeomba kuketi ukumbini atazame mazoezi akatwe 0.3, na anayemzuia mtoto mwenye kifundo kilichovimba asipande boriti yenye upana wa sentimita 10 akatwe 0.5. Anayemuuliza mtoto kama bado anaupenda mchezo ahesabiwe kuwa ameanguka, na akatwe 1.0 kamili.

Kikwazo ni kimoja. Ripoti ya Whyte kuhusu jimnastiki, iliyotolewa Uingereza mwaka 2022, ilieleza habari za watoto waliofanyishwa mazoezi wakiwa majeruhi na kuandamwa kwa sababu ya uzito wa miili yao, hivyo msomaji mkorofi anaweza kudhani kwamba mzazi mwenye alama za chini kuliko wote ndiye aliyemsaidia mwanawe kuingia timu ipasavyo. Shirikisho linaombwa lipuuze dhana hiyo, kwa sababu ikienea, klabu zitalazimika kuweka viti vya wazazi ukumbini, na viti, kama ijulikanavyo, havina alama ya ugumu.

Wazazi wa Benchi la Nje