Sifa za Bi Kidung'ata

Watu wa Pwani hawana shukrani. Mpapai ukivaa pamba nyeupe kuanzia shingoni hadi kwenye mapapai machanga, wao hukimbilia bomba la dawa, ilhali wamepata mgeni mwenye hesabu safi kuliko wahasibu wote wa kaunti. Kwao ni Meksiko. Pwani ya Kenya alihamia katikati ya miaka ya 2010, na hakukosea mahali.

Akiba yake ni joto. Joto la siku likizidi nyuzi 13.9, ile ziada tu ndiyo anayoitia kwenye kibubu; likishuka chini ya hapo hatii kitu, wala hakopi kwa jirani. Kibubu kikifika 294, binti amekuwa mtu mzima. Hesabu hiyo waliipiga watafiti wa Florida, wakaichapisha 2008. Kwenye nyuzi 18 humchukua zaidi ya siku 70. Kwenye 25, siku kama 27 zamtosha. Sasa niambie, nani mwenye akili zake ataiacha Kilifi aende Limuru?

Tena hana tamaa. Kwenye nyuzi 34 mayai huanguliwa, lakini watoto hawakui: joto la kupita kiasi halitaki, ingawa sisi twalishindia saa nane mchana bila kofia. Mpe 25 zake, atataga mayai kama 300 ndani ya kifuko cha nta, na dawa ya mkulima itateleza juu yake.

Ukarimu je? Kinyesi chake ni kitamu. Sisimizi hukilamba, nao humlinda bila mshahara. Kinachobaki huota ukungu mweusi, na papai hufika sokoni limepakwa wanja bila kuombwa.

Mumewe ndiye wa kuonewa wivu na mabibi wote. Ana mabawa, hana mdomo wa kulia. Huishi siku chache, na katika siku hizo haulizi chakula kiko wapi.

Lakini hasidi hakosekani. Kuna kijinyigu kiitwacho Acerophagus papayae, naye mtu wa Meksiko vilevile, ambacho kimeletwa Pwani makusudi kitage ndani ya mwili wa bibi angali mchanga. Kitoto chake kikianguliwa humla kutoka ndani, kibubu hakijajaa. Wenye mashamba wanashangilia. Mimi naona ni kumvamia mwanamke na akiba yake.