Barua ya Wazi kwa Mheshimiwa Bwana Afya wa Mji

Mheshimiwa Bwana Afya,

Sisi wakazi wa mtaa ulio chini ya mtaro mkuu wa mji wetu huu wa pwani tunaomba ruhusa ya kukupongeza, kwani bango ulilolisimamisha sokoni, lisemalo kwamba kinga ni bora kuliko tiba, limetuingia moyoni kiasi cha kwamba hapana nyumba hata moja kwetu ambayo haijawa idara ya afya yenyewe, yenye hazina yake, watumishi wake, na nakisi yake ya kila mwezi.

Maji ya bomba, ambayo ankara yake hutufikia bila kukosa hata katika miezi ambayo bomba hutoa upepo mtupu na mita ikauhesabu upepo ule kwa uaminifu, hayanyweki mpaka yachemke. Wala hayachemki kwa dua, bali kwa mkaa, nao mkaa siku hizi hupimwa kwa kopo kama karafuu. Basi maji yaleyale tunayalipia yaingiapo nyumbani, tunayalipia tena jikoni, na siku tukosapo mkaa tunayalipia mara ya tatu katika duka la dawa. Hata ile dawa nyepesi ambayo wataalamu wako hutufundisha kwa hisani yao, yaani vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi kwa mtoto anayeharisha, imeshurutishwa itiwe katika lita 1 ya maji safi, ambayo, lau yangalikuwapo, huenda mtoto asingaliharisha.

Ama mintarafu ya mbu, hapo ndipo hazina zetu zinapovuja zaidi. Mabwana afya waliokutangulia walitufunza kwamba mbu si wa namna moja: wa malaria aghalabu hupenda vidimbwi vya mvua vinavyopigwa na jua; wa matende na mabusha hustarehe katika maji machafu ya mitaro na vyoo; na wa dengi, maradhi yaliyoisumbua Dar es Salaam mwaka 2014 na tena mwaka 2019, huridhika na maji yaliyotuama katika tairi kuukuu au kifuu cha nazi. Mtaro wako, Mheshimiwa, ni mkarimu kwa wote: katika uchafu uliotuama yumo wa matende, ukingoni mwenye vidimbwi yumo wa malaria, na katika makopo yaliyolundikana juu ya taka zilizouziba yumo wa dengi, hata hapana kabila la mbu lenye sababu ya kunung'unikia upendeleo. Nasi twanunua vyandarua, na dawa ya kuchoma ambayo moshi wake humkohoza bibi kabla haujamlevya mbu, na mafuta ya kujipaka, kisha magharibi ikiingia twafukiza majani ya mwarobaini. Ilhali mbu wa dengi huuma mchana, saa ambazo bado hatujapata kumwona mtu aendaye kazini amejitanda chandarua.

Hatutakuchosha kwa hesabu ya dawa za minyoo, tangawizi, asali na habasoda, gari la kunyonya choo, wala sadaka ya maalimu wa kombe, ambaye kwa haki ndiye pekee kati ya wote hao anayetusikiliza kwanza ndipo apokee. Bima ya jamii nayo, iliyokuwa ikitozwa mikoani shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu 6, ni jambo la kheri. Ila aliyeipanga hakupata kuiona nyumba ya pwani yenye bibi, mjomba, na watoto wa ndugu aliye safarini, nasi hatuna budi kukaa kikao na kuamua nani kati yetu atajizuia na maradhi mwaka huu.

Tumesoma kwamba Unguja ilipigwa na kipindupindu mwaka 1869 na 1870, watu wakafa kwa maelfu, na kwamba Sayyid Barghash, aliyetawala tangu 1870 hadi 1888, aliyaleta mjini kwa mabomba maji ya Chemchem. Tunamsamehe: alikuwa mtawala asiyepigiwa kura, naye hakujua kwamba bango lingalitosha, tena kwa gharama ndogo zaidi.

Kwa hiyo, madhali kazi ya idara yako tunaifanya sisi, twaomba tutangazwe rasmi kuwa matawi yake: wake zetu wapewe cheo cha wasafishaji wakuu wa maji, bibi aandikwe mkaguzi wa mbu kwa kuwa ndiye asiyelala, na ada ya usafi tunayoitoa kila mwezi ibaki nyumbani iwe fungu la uendeshaji. Ukiona hayo ni mazito kwako, iko njia nyepesi. Mtaro umezibwa mahali pamoja tu, penye kivuko cha kwendea sokoni, na kila apitaye hapo hulazimika kukunja nguo ndipo avuke. Tuma vibarua wanne wenye majembe na mkokoteni mmoja, wauzibue kabla masika hayajaanza mwezi Machi.

Wasalaam,
Wakazi wa mtaa wa chini