Habari za Chini ya Ardhi Zafika Sakina

Kikundi cha WhatsApp cha ukoo mmoja wa Sakina, jijini Arusha, kina kazi tatu: kukusanya michango ya harusi, kupeana pole za misiba, na kusikiliza ripoti za kijana wao aliyeko London. Kijana huyo anapakia mizigo uwanja wa ndege wa Heathrow na amepanga chumba Turnpike Lane, upande mwingine kabisa wa jiji. Kila siku ya kazi anakaa zaidi ya saa nzima ndani ya treni ya njia ya Piccadilly kabla hajashika hata begi moja. Ripoti zake huja kwa sauti, maana anasema kuandika ni kwa watu wenye nafasi ya kukunjua viwiko.

Ripoti iliyozua mjadala ilifika mwezi wa saba, Arusha nzima imevaa makoti na Mlima Meru umejificha nyuma ya wingu. Kijana alitangaza kwamba treni mpya za chini ya ardhi zinakuja, na zitakuwa na kiyoyozi. Bibi yake, ambaye wajukuu wote humwita Koko, alikuwa amejitanda shuka mbili mbele ya jiko la mkaa. Aliomba aelezwe hicho kiyoyozi kinafanya nini. Alipoambiwa kinaleta baridi, alinyamaza kidogo, kisha akauliza hao Wazungu wananunua baridi kwa bei gani, kwa sababu yeye anayo na haijapata mteja.

Swali si la kijinga. Waliochimba njia hizo hawakuwaza kabisa kwamba siku moja mtu atahitaji kupozwa huko chini. Tarehe 10 Januari 1863 treni ya kwanza ya abiria ya chini ya ardhi duniani ilianza safari kati ya Paddington na Farringdon, ikivutwa na kichwa cha mvuke kilichotema moshi ndani ya handaki. Mwaka 1890 ikaja ya umeme, chini zaidi, na handaki likachimbwa jembamba ili kubana gharama. Siku hizo udongo wa mfinyanzi ulio chini ya London ulikuwa na joto la nyuzi kama 14 tu. Mwanzoni mwa karne ya 20 kampuni za reli zilikuwa zikijitangaza kwamba jua likiwa kali juu, raha iko chini.

Kilichoharibu raha hiyo ni breki. Treni inasimama kila baada ya dakika mbili tatu, na kila inaposimama inaacha joto. Udongo umelinyonya joto hilo kwa zaidi ya miaka mia moja, sasa umeshiba na unalirudisha kwa wenyewe. Kiangazi, ndani ya mabehewa ya baadhi ya njia, joto hupita nyuzi 30. Magazeti ya Uingereza hayachoki kukumbusha kwamba kanuni za Ulaya za kusafirisha mifugo zinataka gari la ng'ombe lisizidi nyuzi hizo 30, pakiwa na msamaha kidogo. Habari hii ilimgusa baba mdogo, ambaye hupeleka ng'ombe mnadani Meserani.

“Kwa hiyo, mwanangu, ungekuwa ndama ungeshushwa?”

“Ningeshushwa, baba mdogo. Na ningepewa maji.”

Zipo njia za London ambazo zilipata kiyoyozi mapema. Metropolitan, District na Circle zilianza kubadilishiwa treni mwaka 2010, lakini hizo hupita karibu na uso wa ardhi, handaki ni pana na mahali pengi liko wazi juu. Piccadilly ni kesi nyingine. Handaki lake lina upana wa takriban mita 3.56, na treni imeingia humo kama gunzi kwenye shingo ya kibuyu. Juu ya paa hakuna mahali pa kuweka mashine, na hata ingewekwa, joto inalotoa ndani ya behewa lingemwagwa kwenye handaki lilelile, limsubiri abiria wa treni inayofuata.

Siemens, waliopewa kazi ya kuunda treni mpya za Piccadilly mwaka 2018, walianzia kwenye magurudumu. Treni zao mpya 94, nyingi zikiwa zinaunganishwa kiwandani Goole, Yorkshire, zina mabehewa tisa tisa yaliyoshikamana, na mengine kati ya hayo hayana magurudumu yake: yamening'inizwa katikati ya majirani. Uzito umepungua, nafasi imepatikana chini ya sakafu, na humo ndimo vyombo vilimopangwa ili mashine ya baridi ipate pa kukaa. Breki nazo zinarudisha umeme kwenye reli badala ya kuugeuza wote kuwa moto. Milango ni mipana zaidi, na mtu anaweza kutembea kutoka behewa la kwanza hadi la mwisho bila kufungua mlango wowote. Koko aliposikia habari ya behewa lisilo na miguu, alisema wenzake wanaolibeba lazima wanateta.

Treni hizo zilitakiwa kuanza kazi 2025, zikasogezwa hadi nusu ya pili ya 2026. Kwa hiyo ripoti ya kijana ilikuwa ya matumaini tu. Yeye bado anapanda zile zilizosanifiwa mwaka 1973, ambazo kiyoyozi chake ni kidirisha kwenye mlango wa mwisho wa behewa. Kikifunguliwa huingiza upepo pamoja na kelele ya chuma inayozima mazungumzo yote. Kwa bahati nzuri hakukuwa na mazungumzo.

Ukoo uligawanyika ilipofika habari ya viti.

Treni za zamani za Metropolitan, zilizokuwa zikienda hadi Amersham huko mashambani, zilikuwa na viti 448. Zilizokuja baadaye, zenye kiyoyozi na sura ya kupendeza, zina viti 306. Wakazi wa mbali walilalamika, kama ambavyo mtu wa Usa River angelalamika akiambiwa gari jipya ni zuri ila yeye atasimama hadi mjini. Hesabu yenyewe ni nyepesi: mtu aliyesimama anakula sakafu ndogo kuliko aliyekaa, basi ukitaka kubeba wengi, ng'oa viti. Vilivyobaki husukumwa ukutani, watu wakatazamana, na katikati pakawa uwanja wa kusimama.

Arusha hesabu hiyo wanaijua, wanaipiga kwa kuanzia upande wa pili. Trafiki akiona mtu amesimama ndani ya kifodi, basi dogo la kwenda Ngaramtoni, ana la kusema na dereva. Kwa hiyo konda hang'oi siti, anaziongeza. Siti ya watatu inatangazwa kuwa ya wanne (“wanne wanne jamani, tusaidiane!”), kibao kinawekwa katikati ya siti mbili, na mwanafunzi anapakatwa na mtu asiyemjua. London huita kazi hiyo usanifu, na anayeifanya ana shahada. Mwandishi wa makala haya haoni tofauti kubwa kati ya msanifu na konda wa Kilombero, hapo Arusha, isipokuwa kwamba msanifu hapigi ubavuni mwa gari.

Kitambaa cha viti, hata hivyo, kiliwapatanisha. Ni kizito chenye manyoya mafupi, sehemu kubwa ni sufu ya kondoo, na kwa miongo mingi London imekuwa ikiajiri wasanii wa kukichorea mapambo. Enid Marx alichora yake miaka ya 1930, na sharti mojawapo lilikuwa kwamba mapambo yafiche uchafu. Kilichoenea zaidi siku hizi kilitoka mwaka 2010 kwa wasanii wa Wallace Sewell. Ukikitazama sana unaona ndani yake daraja la Tower Bridge, mnara wa Big Ben na gurudumu la London Eye. Mama yake kijana, ambaye siti anazozijua ni za reksini iliyochanika inayonasa sketi, aliuliza kama huwa wanazivika nailoni zisichakae. Koko alipitisha sufu bila masharti. Kondoo, alisema, hajawahi kumwangusha mtu.

Baada ya hapo Koko akauliza swali lililokuwa likimsumbua tangu mwanzo: konda anakaa wapi?

Hakuna konda. Zamani alikuwepo. Mabehewa ya 1890 yalikuwa na vidirisha vidogo vya juu tu, kwa hoja kwamba chini ya ardhi hakuna cha kutazama, na abiria waliyapachika jina la vyumba vya kufungia wendawazimu. Kwa kuwa hawakuona nje, walihitaji mtu wa kuwaambia wamefika wapi. Wafanyakazi walisimama kwenye mageti kati ya behewa na behewa, wakifungua na kufunga, na kuita majina ya stesheni kwa sauti. Kazi ya mtu wa mlangoni ilipungua mwaka hadi mwaka, mpaka mwaka 2000 gadi wa mwisho wa treni alipoondoka kwenye njia ya Northern.

Tangu hapo London imekuwa ikimtengeneza konda upya, kipande kwa kipande. Mdomo wake umewekwa kwenye spika: sauti inayotaja stesheni, na lile onyo maarufu lililoanza 1968 la kuwataka abiria waangalie pengo kati ya treni na jukwaa. Mkono wake umewekwa kwenye stika zinazoonyesha siti za wazee na wagonjwa. Macho yake yamewekwa kwenye beji. Tangu 2005 mama mjamzito anaweza kupewa beji ya kubandika kifuani inayosema ana mtoto safarini, na 2017 ikaja nyingine kwa wenye maradhi yasiyoonekana, ya kuomba kupishwa.

“Tumbo lenyewe hawalioni?” aliuliza shangazi.

Wanaliona, shangazi, ila wanaogopa kukosea. Kijana alieleza kwamba mtu akimpisha mwanamke ambaye si mjamzito, wote wawili hushuka kituo kinachofuata kwa aibu. Kwenye kifodi abiria hana jukumu hilo. Konda ananyoosha kidole: wewe kijana mwenye kofia, mpishe mama. Kijana mwenye kofia anasimama, mama anakaa, na lawama yote imebaki kwa konda, ambaye ana nyingine nyingi na hii haimzidishii mzigo.

Hata macho ya wanaotazamana yametafutiwa kazi: tangu 1986 mabango ya mashairi hubandikwa ndani ya mabehewa, juu ya vichwa, mtu asome badala ya kukodolea macho jirani.

Sauti za spika nazo zina hadithi zao. Mwigizaji Oswald Laurence ndiye aliyerekodi onyo la pengo kwa njia ya Northern, akafariki 2007. Mjane wake, Margaret McCollum, alikuwa akipita stesheni ya Embankment na kukaa kidogo ajisikilizie mumewe. Siku moja akakuta sauti imebadilishwa. Akaomba, na mwaka 2013 wakairudisha, hapo Embankment tu. Kikundi kizima cha Sakina kilituma alama za machozi. Koko aliuliza kama huyo mama aliolewa tena.

Shangazi, ambaye huuza ndizi soko la Tengeru Jumatano na Jumamosi, alikuwa na hoja moja: mikungu inakaa wapi? Hapo kijana alijibu kwa fahari ya mtu wa Heathrow. Treni zake za 1973 zilisanifiwa wakati njia ikirefushwa kwenda uwanjani hapo, kwa hiyo nafasi ya mlangoni iliachwa kubwa kwa ajili ya masanduku. Mikungu minne ingeenea. Tatizo ni kwamba mlango umejikunja kufuata duara la handaki, na mtu mrefu wa kwao akisimama hapo lazima ainamishe shingo. Shangazi alisema kuinama amezoea, Hiace nayo haina dari ya watu warefu, kisha akauliza nauli ya mkungu.

Binamu aliyeko Dodoma akaingilia kati kusema kiyoyozi si habari: tangu 2024 wao wanapanda treni ya umeme kwenda Dar, kilomita 160 kwa saa, na ile yenye pua ndefu wameshaipa jina, Mchongoko. Arusha ikanuna. Reli ya Arusha ilifika mwaka 1929, baadaye abiria wakaikosa treni kwa miaka karibu 30, na treni iliporudi Oktoba 2020 watu walijaa stesheni kuishangilia. Ila bado ni ya reli nyembamba ya mita moja, na baridi yake inatoka mlimani.

Ndipo shemeji akazungumza. Shemeji huagiza Noah zilizotumika kutoka Japani na huwa hachangii mada isiyo na faida. Alitaka kujua zile treni za 1973 zikiondolewa zinauzwa kwa nani. Watu walicheka, lakini kijana hakucheka, kwa sababu kisiwa cha Wight, kusini mwa Uingereza, kiliendesha treni kuukuu za chini ya ardhi ya London, za mwaka 1938, hadi Januari 2021. Zilipochoka kabisa, kikachukua nyingine kuukuu, za njia ya District, zikafanyiwa ukarabati, na abiria wanapanda mpaka leo.

Kijana alimweleza vikwazo. Upana wa reli za London ni milimita 1,435, sawa na reli mpya ya Dodoma, si ile ya Arusha. Umeme wake hautoki juu kwenye waya, unatoka chini, kwenye reli mbili za ziada zilizolazwa kando na katikati. Shemeji alisikiliza mpaka mwisho. Akasema umeme wautoe, itafungwa injini ya Fuso, fundi yuko Unga Limited. Kisha akauliza kadi ya gari iko kwa nani.