Vunja Robo Kabla ya Kufungua Pochi

Ukitajiwa bei dukani, mkono usiende mfukoni kwanza. Uliza: ya kiasi gani? Shilingi 4,900 haina maana mpaka ujue mfuko wa sukari una uzito gani. Mizani ikisema kilo moja na robo tatu, achana na desimali, vunja kila kitu kiwe robo. Kilo ina robo nne, ongeza hizo tatu, zinakuwa saba. Gawa 4,900 kwa saba: robo moja ni 700. Zidisha kwa nne, sukari hiyo ni 2,800 kwa kilo. Muuzaji akikuharakisha, mwambie, "Ngoja mangi, nahesabu robo."

Nusu nazo ni hivyo hivyo. Unga kilo mbili na nusu kwa 4,000 ni nusu tano za 800, yaani 1,600 kwa kilo. Pembeni kuna mfuko wa kilo tano wenye picha ya hindi linalong'aa, 8,500. Huo ni 1,700 kwa kilo, na picha hailiwi.

Dereva wa bodaboda aliyekwenda kilomita 52 na nusu kwa lita moja na nusu ageuze pande zote ziwe nusu: 105 kwa 3. Kilomita 35 kwa lita. Wiki ijayo akipata 28, aende kwa fundi.

Mkulima wa viazi yeye adai mizani kabla ya hesabu. Gunia la kilo 100 kwa 70,000 ni 700 kwa kilo. Likijazwa lumbesa hadi kilo 140, kwa bei ile ile, kilo imeshuka hadi 500, na jasho lake limepanda lori bure.

Lakini kinachoniuma zaidi ni mafuta ya kupima. Tuseme lita ni 6,400 na robo inauzwa 1,800. Mama anayenunua robo kila jioni analipa 7,200 kwa lita: 800 zaidi, kwa kuwa tu hana 6,400 kwa mkupuo. Ndiyo maana nawasihi majirani: tafuteni wenzenu watatu, kila mmoja atoe 1,600, mnunue lita nzima, kisha mgawane kwa kikombe kimoja, wote mkiwa mmesimama hapo hapo.