Mwongozo wa Kuomba Shauri Ukiwa Kasumulu

Anza na neno lenyewe, maana ndilo litakalokupoteza. Waingereza wana kitenzi "consult", na hawakipumzishi. Kwa kitenzi hicho hicho mgonjwa humwendea daktari, mwanafunzi hufungua kamusi, nahodha hutazama ramani, serikali huwauliza wananchi, na mwenye haraka huchungulia saa. Sisi hatuna neno moja la kazi zote hizo, na usidhani ni umaskini. Daktari tunakwenda kumwona. Kamusi tunaifungua. Kwa mganga tunakwenda kupigiwa ramli. Mwenye busara tunamtaka shauri, na wenzetu tunashauriana. Kila tendo lina kitenzi chake kwa sababu lina adabu yake: kamusi huiamkii, mzee unamwamkia.

Sasa shuka Kasumulu. Barabara ya kutoka Uyole na Tukuyu inaishia hapa, kwenye daraja la Mto Songwe, na ng'ambo ni Malawi. Mfukoni una shilingi, ng'ambo wanataka kwacha. Kabla hujashusha begi, vijana wa kubadilisha fedha watakuwa wamekuzunguka na kila mmoja ana shauri lake la bure. Washukuru, endelea kutembea.

Tafuta mama anayeuza mchele. Mchele wa Kyela unajulikana nchi nzima, kwa hiyo hutakosa wa kumwona. Usianze na swali. Anza na "shikamoo, mama", ngoja marahaba, uliza habari za mvua. Kyela mvua ni habari yenyewe, si kianzio tu cha mazungumzo. Ukipewa kigoda, kikalie. Shauri la mtu aliyesimama huwa fupi kama subira yake. Kisha sema: "Mama, naomba unishauri. Angekuwa mwanao anavuka leo, ungemwambia abadilishe hapa au ng'ambo?" Swali hilo lina nafasi ya mama kukataa, kucheka, hata kukuambia usivuke leo. Na liulize fedha zikiwa bado mfukoni. Aliyekwisha kubadilisha haombi shauri, anaomba sifa.

Hiyo ndiyo sehemu rahisi. Ugumu unakuja ukiwa na kalamu.

Niliwahi kusoma taarifa ya mradi mmoja, iliyotafsiriwa kutoka Kiingereza, iliyosema kwamba wananchi wa eneo husika "walishauriwa". Mtafsiri alikuwa na neno la Kiingereza lenye maana kwamba wananchi waliombwa maoni yao. Lakini kwa Kiswahili cha leo anayeshauri ndiye mtoa maneno, na anayeshauriwa ndiye anayeyapokea. Mtu aliyestahili kuulizwa akageuka mtu aliyeambiwa. Herufi chache tu, na mkulima amehamishwa kutoka kwenye kiti cha mshauri akakalishwa kwenye mkeka wa msikilizaji. Jambo hili linaniuma, kwa sababu sina hakika kwamba mtafsiri alikosea. Huenda aliandika kilichotokea.

Kwa hiyo, ukipewa kuandika taarifa kama hiyo, fanya hivi. Andika "tuliwaomba shauri". Sentensi inayofuata andika walichosema, kwa maneno yao. Kama huna cha kuandika katika sentensi ya pili, futa ya kwanza. Usikimbilie "walishirikishwa" pia: kushirikishwa ni kuitwa kwenye chungu ambacho mwenzio amekwisha kukiinjika. Na karatasi ya mahudhurio yenye saini na namba za simu inaonyesha nani alifika. Haionyeshi nani aliulizwa.

Neno letu "shauri" lenyewe limesafiri sana. Limetoka kwenye Kiarabu, likazaa ushauri, mshauri na halmashauri. Tunalikata tukishaamua, tunalifanya tukiwa na jambo, na tukichoka na mtu tunamwachia lote: "shauri lako!" Wajerumani walipotawala walilichukua wakaliandika "Schauri", wakawa wanakiita hivyo kikao cha ofisa wao bomani kusikiliza kesi na kutangaza amri. Tukuyu, iliyoitwa Neu Langenburg, ilikuwa na boma la namna hiyo. Neno la watu kuketi pamoja likawa jina la kikao ambacho mmoja ndiye mwenye neno la mwisho. Waingereza na kitenzi chao hawakuwa wa kwanza kutuchanganya.

Na wenyeji hawakuwa wageni wa jambo hili. Kwa Wanyakyusa, malafyale, yaani chifu, alikuwa na wakubwa wa vijiji, amafumu, ambao hakuweza kutawala bila kuwasikiliza. Kusini ya Songwe, upande wa Karonga, Kyungu, mtawala wa Wangonde, naye alikuwa na washauri wake. Lugha za pande mbili zinasikilizana bila mkalimani. Lakini tarehe 1 Julai 1890 Uingereza na Ujerumani zilitia saini mkataba uliopitisha mpaka katika mto huu, na hakuna aliyekuja kumtaka shauri malafyale wala Kyungu. Ukitaka kujua kwa nini watu wa hapa huangalia kwa makini karatasi inayosema wamekwisha kuulizwa, anzia hapo.

Mto wenyewe haukusoma mkataba. Songwe ikifurika katika tambarare la chini hubadili njia, na shamba lililolala nchi moja huweza kuamka nchi nyingine. Tanzania na Malawi zina tume ya pamoja ya bonde la mto huu, na kuutuliza mto usihame ni moja ya kazi zilizokusudiwa. Ukitumwa na mtu yeyote kwenda kuongea habari hizo na mwenye shamba la ukingoni, nenda bila jibu mkononi. Muulize maji yalipita wapi babu yake alipokuwa hai. Muulize angependa yapite wapi. Halafu nyamaza, hata kimya kikikusumbua, maana anahesabu migomba.

Imebaki hatua moja, na wengi huiruka. Ukirudi kutoka Karonga, pita tena kwa mama wa mchele. Mwambie kwacha ilikwendaje, alichokuambia kilikufaa wapi na hakikukufaa wapi, ili kesho amshauri mwingine vizuri zaidi. Mwambie "ndaga fijo", ahsante sana kwa lugha yake. Kisha akupimie kilo mbili, kwa bei atakayoitaja.