Rili ya Mfaransa Kariakoo

Kariakoo kila kitu kipo. Kazi ni kumfanya mwenye duka aamini kwamba unachokitaka ndicho unachokitaka. Mimi nilitaka springi: kale kadogo kanakorudisha ule waya unaoupindua pembeni unaporusha mshipi, kwenye rili ya Mitchell 302 niliyorithi kwa mjomba.

Rili hiyo ni kongwe kuliko jengo la Soko Kuu, lililofunguliwa 1975. Jengo lilipoungua Julai 2021 lilipata wakandarasi. Rili, iliyokatika springi, ilipata ushauri wa mji mzima.

Fundi baiskeli aliuzungusha mpini, akatega sikio, akatangaza kwamba habu imekufa. Fundi cherehani aliuliza sindano inakaa wapi. Kijana wa vipuri vya bodaboda alinipa springi ya klachi, na nilipokataa akaninong'oneza, "Mzee wangu, wewe funga tu, itazoea." Mama mmoja aliyekuwa akipita Mtaa wa Kongo na furushi la vitenge alisimama kunipa pole: mashine yake ya kusaga nyama nayo ilikufa hivyo hivyo.

Aliyenielewa ni fundi saa, na sababu ipo. Rili za Mitchell zilitengenezwa Cluses, mji wa Ufaransa uliokulia kwenye kazi ya saa. Mzee yule alivaa lenzi jichoni, akafungua mfuniko, akatazama gia kwa adabu zote, kisha akaikunja springi mpya kwa mkono. Tatizo adabu ilizidi kipimo: springi ilitoka na nguvu za kufunga geti la bohari.

Kishikio cha mpini, nacho kilikuwa kimepasuka, nilimpa mchongaji, akaniwekea cha mpingo. Kwa ukarimu wake, bila kuagizwa, akachonga na sura ya babu mwenye pua ndefu. Kila nikizungusha, babu ananichoma kiganja. Mpiga rangi naye akauliza, "Tuweke nyekundu, au kijani na njano?" Simba wako pale Msimbazi, Yanga wako Jangwani, na watu walishaanza kusogea kusikiliza jibu. Rili ikabaki na weusi wake.

Jumapili maji yakiwa yamejaa nikashuka Coco Beach. Nikarusha kwa nguvu zote. Chubwi likiwa bado hewani, ile springi ya geti ikafunga waya, pwaa! Mshipi ukakatika. Chubwi, ndoana na kipande cha ngisi vikaendelea na safari ya Zanzibar bila mimi. Pembeni yangu, kijana aliyeviringisha mshipi wake kwenye chupa ya maji alivuta changu, akamtia ndooni, ndipo akanigeukia.

"Shikamoo mzee. Hiyo mashine inasaga nini?"

Basi, mwenye rili ya zamani sikiliza. Ukitoka baharini, isafishe kwa maji yasiyo na chumvi, lakini usiielekezee bomba la presha, maana presha husukuma mchanga na chumvi hadi ndani. Legeza breki kabla ya kuihifadhi, washa zake zisigandamane. Tone la mafuta ya cherehani kwenye viungo, grisi kidogo kwenye gia, inatosha. Na kabla hujamkabidhi fundi yeyote, muulize kama amewahi kuvua. Akisema samaki anamjua wa kukaanga tu, chukua rili yako uondoke.